Themanini Katika Mia

Kibanda cha Gwamaka kiko nyuma ya ghala la viazi, Uyole,
nusu saa mia tatu, sweta huvui,
pedi ya kushoto imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Ipyana, mdogo wangu, anaongoza askari wanne
katika mji ulioungua ambao hatuujui hata kwa jina.
Adui yuko hatua moja. Mtutu karibu umguse kifua.
Juu ya kichwa chake namba inawakawaka: tisini na tano.
Anabonyeza.
Risasi inakwenda kuua ukuta.

"Wizi!" anapiga kelele, na kibanda kizima kinaafiki:
mashine imerogwa, Gwamaka ana kitufe chini ya meza
cha kuwamalizia watu muda wao.
Gwamaka anahesabu sarafu.
Yeye hata pedi hajui kuishika.

Mimi nina daftari.
Lilikuwa la Fizikia, kurasa za nyuma tupu,
nikaanza kwa ubishi tu:
kila ilipoonyeshwa themanini nilichora kijiti,
risasi ikikosa, nakikata shingo.
Mvua ya Machi ilinifungia ndani wiki tatu.
Vijiti mia mbili.
Vilivyokatwa shingo, kumi na sita.

Nilitegemea arobaini. Arobaini ndiyo haki ya themanini.
Nikahesabu tena, kwa kidole, kwa mate.
Kumi na sita.
Basi mashine ni mwongo kweli, Ipyana,
ila inadanganya kwa upande wako.

Usiku, miguu imeelekea jiko la mkaa, nikakisia:
haitupi dadu moja. Inatupa mbili, kila moja ina pande mia,
inazijumlisha, inagawa, inachukua kati.
Na kati ndiko wanakojazana wote, kama stendi siku ya mnada;
pembeni hukai na mtu.
Hivyo themanini yako inakuwa tisini na mbili kimyakimya,
na ishirini ya adui inasinyaa, inabaki nane.
Aliyeitunga alitujua. Mtu akiambiwa themanini
anasikia "hakika",
na ile ishirini iliyobaki anaiona tusi.
Akatupunguzia matusi.

Na tisini na tano iliyokosa?
Kwa hesabu yangu, moja katika mia mbili.
Mia mbili ni nyingi mpaka ikufikie wewe.
Wala dadu haina kumbukumbu: risasi iliyopotea jana
haiidai ya leo kitu.

Hapo nikakumbuka Novemba.
Mama mbele yangu, mahindi ameyafunga kwenye kanga kiunoni,
mbegu aliyoipukuchua mwenyewe, si ya duka.
Alikwisha kuijaribu: punje kumi ndani ya kitambaa chenye maji,
zikachipua saba.
"Saba," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa bei.
Kisha kila shimo, punje mbili.
"Mama, si unazimaliza?"
"Moja ikilala, mwenzake ataamka. Fukia."

Tatu katika kumi, mara tatu katika kumi,
ni tisa katika mia.
Nimeiandika chini ya vijiti, nikaipigia mstari.
Mashimo tisa matupu, na mama hajawahi kushika penseli
ila kuandika deni la chumvi.

Disemba tulipopita kurudishia
nilihesabu mashimo mia. Matupu yalikuwa kumi na moja.
Hayo mawili ni panya, au ni dadu,
au ni mkono wangu uliokuwa unasinzia.
Juu ya shimo hakuna namba inayowakawaka,
wala mtu aliyekaa pahali akituongezea kwa siri.

Ipyana anataka mia tatu nyingine.
Nampa.
Adui yuko hatua moja, themanini,
kibanda kizima kimeshika pumzi.
Nachonga penseli.