Miaka Haina Tani

Gongoni chumvi nyeupe, turubali nafunika,
Kamba nne, lisipepe, njiani likilegeka,
Sijasinzia kwa kope, kumi na nane miaka,
Ujira umekauka, wakausha na ulimi.

Nalianza kwa utingo, kwa Jefwa wa Marereni,
"Gia hazina uongo, zasikizwa maunguni,"
Akinigusa mgongo, nipunguze kilimani,
Hayamo mle vyuoni, yamo humu mwangu mimi.

Usiku ule Sabaki, mto ulipofurika,
Breki maji, hazishiki, trela inatingishika,
Nikaomba kwa Maliki, gia moja nikashuka,
Taratibu nikafika: chumvi kavu, hai mimi.

Tajiri kanipa soda, baridi, mkono pia,
Nikangojea ziada, mwezi ukaishilia,
Bahasha ni ya kaida, senti haikuzidia,
Nikainywa kwa udhia, nikacheua, sisemi.

Thoya, mwanangu wa kazi, tingo niliyemfunza,
Kapewa lori majuzi, leo ndiyo anaanza,
Shekuwe, mwisho wa mwezi, bahasha akatutunza,
Sawasawa! Akaanza kucheka, kisha hasemi.

Akanijibu tajiri: "Chumvi haina ukale,
Ni moja hiyo safari, kwa mpya na wa milele,
Lori halina umri, linajua mbele, mbele,
Nakulipa tani zile, miaka silipi mimi.

"Tazama kule getini, vijana wamejipanga,
Leseni zi mikononi, njaa yao kama panga,
Ukitoka wewe ndani, bado lori litatinga,
Mmoja kama aringa, nyuma yake wapo kumi."

Nikamwambia: "Hesabu lori lisilopinduka,
Gurudumu la sulubu, lisilowahi pasuka,
Na mtoto wa Rajabu, salama aliyevuka,
Yasotukia, hakika, kalamu haiyasemi."

Thoya naye kaniuma, kwa neno la uungwana:
"Mimi nami nina mama wa kulisha, nina mwana,
Unga duka la Salima, bei yetu hulingana,
Panda, ila kunibana, hapo, mwalimu, sihami."

Tukakaa Msabaha, mbaazi tukaagiza,
Akauliza kwa raha, kona ile penye giza,
Nikampa kwa fasaha, lolote sikubakiza,
Bei sikumuuliza, ndivyo Jefwa kwangu mimi.

Mwalimu hupanda ngazi, polisi hupata tepe,
Hata nyanya, hata nazi, bei hupanda, nikope,
Dereva na yake kazi, apandiwa na matope!
Na sadaka msinipe, kwa haki yangu sikomi.

Mariakani twangoja, mizani ya barabara,
Hupima yote pamoja, chuma na kila duara,
Kilo ikizidi moja, utalipa kwa hasara,
Ajabu! Kwenye ujira, miaka haiipimi.

Mbeyu, nyumbani Ngomeni, hanipimi kwa safari,
Huchora chaki jikoni, siku nilizosafiri,
Sasa pale ukutani, kweupe kama fajiri,
Hiyo ndiyo dafutari, ambayo bosi hasomi.

Lakini nisiwe mwongo, wapo wakongwe wazembe,
Nzai kavunja milango, miwili, kaua ng'ombe,
Miaka tupu ni bango, siyo makali ya wembe,
Tupimwe kila kiumbe, na mizani siihami.

Usiku Thoya yu mbele, mimi nyuma naandama,
Penye kona, giza lile, taa nyekundu yasema,
Kapunguza pale pale, nilipomwambia, vyema,
Nikacheka, nikahema: nusu yake ndiyo mimi.

Beti zote nimepanga, nane kwa nane, kamili,
Kama vile ninafunga, kamba zangu mbili mbili,
Mwisho huu nautenga, upungue, ni dalili,
Hivi nalipwa, ni kweli,