Kiinua Mgongo

Barua zimejaa kikapu cha mkate.
Kila moja ina picha ya wazee wanaocheka,
meno yametimia, baiskeli mpya,
na mimi na Orrin hatujagusa baiskeli
tangu mwanetu wa mwisho ajifunze kuipanda.
Chagua kabla ya tarehe saba Desemba, zinasema,
kama kwamba Desemba ni karani wa dirishani
anayetutazama juu ya miwani.

Nje, Duluth nzima, theluji inashuka bila kujaza fomu.

Mpango huu unalipa macho, haulipi masikio.
Huu unalipa masikio, lakini daktari wa moyo wa Orrin,
yule binti wa Kihmong mwenye mikono baridi,
hayumo kwenye orodha yake.
Na huu hauna ada ya mwezi. Bure!
Nimepika shuleni miaka thelathini na mmoja,
bure naijua:
ni mchuzi ambao nyama yake imeshaopolewa.

Jumanne tulikwenda maktaba kwa Bwana Halvard Tofte,
mstaafu wa reli, anayesaidia watu bila malipo.
Ana penseli mbili, nyekundu na ya kawaida.
Akauliza vidonge, kimoja kimoja,
nami nikavitaja kama anayeita watoto waingie ndani:
cha presha, cha sukari, cha kuzuia damu kuganda,
kile cheupe cha usiku ambacho hakuna anayekumbuka kilianza lini.
Cha damu akakizungushia nyekundu.
"Hiki," akasema, "ndicho kitakachowala."

Kisha pensheni ya serikali.
Yangu nimeshaanza kuichukua, ndogo, ya mpishi.
Orrin ana sitini na sita; akitaka, angoje hadi sabini,
na kila mwezi anaongoja, hundi inanenepa kidogo.
Subira yavuta heri, sawa.
Lakini goti lake halijui methali hiyo,
linajua ile nyingine: ngoja ngoja huumiza matumbo.
Miaka arobaini amelala chini ya magari ya kuzoa theluji
akifungua nati kwa vidole vilivyokufa ganzi,
mgongo umejikunja kama kulabu ya koti,
na hicho kiinua mgongo chenyewe
kimekaa kule Washington, kinamsubiri asubiri.

"Chukua sasa," nilimwambia garini.
"Baba yako alikufa ana sabini na moja. Utakula lini?"
Akawasha hita.
"Nitangoja."
Nilikasirika hadi kwenye mataa ya barabara ya ziwa.
Nikamwita mchoyo,
tena mchoyo wa mwili wake mwenyewe.

Leo, nikitafuta karatasi ya meno,
nimekuta bahasha iliyogeuzwa, ina mwandiko wake,
herufi kubwa kubwa za fundi:
MIMI 71. NIKIBAHATIKA 72.
LEMPI 90. MAMA YAKE 94!
Chini yake hundi mbili, ya sasa na ya kungoja,
na mshale unaotoka kwenye ile kubwa
kwenda, si kwenye jina lake,
kwenye langu.
Pembeni: Mjane anabaki na iliyo kubwa? Muulize Tofte.
Na jibu, kwa penseli nyekundu: Ndiyo.

Lazima ilikuwa nilipokwenda msalani.

Miaka kumi na saba ameipigia hesabu yeye hayumo,
ameijumlisha vizuri, senti hajakosea,
hata mafuta ya kupashia nyumba joto ameyaweka,
hata mtu wa kukoroga theluji mlangoni,
kazi ambayo hajawahi kumlipa yeyote.

Sikulia. Bahasha nimeirudisha kikapuni,
picha ya baiskeli juu.
Yuko gereji; spana inaanguka, anaitukana kwa upole.
Nimevuta fomu yake, nimetia alama
kwenye ule mpango wa ghali wenye daktari wa moyo,
kalamu ikazama hadi kwenye kitambaa cha meza.

"Umepata ya meno?" anauliza mlangoni,
theluji mabegani.
"Haimo," nasema.
"Tutatafuna polepole."