Anayetosha Tu

Omaha, Januari, hoteli ya kando ya uwanja wa ndege,
theluji imepanda dirishani hadi kiunoni.
Tuko kumi na mmoja, wauguzi wa miaka mingi,
kila mtu na penseli, kikombe, na jina kifuani.

"Msimfikirie hodari," anasema Bwana Vrbka,
"wala yule asiyejua kitu.
Mfikirieni wa ukingoni,
anayetosha, basi. Anayetosha tu.
Waketisheni mia kama yeye.
Swali la kwanza: wangapi watapata?"

Nafumba macho. Mia hawaji.
Anakuja mmoja,
soksi hazifanani, katoka zamu ya usiku,
nyumbani ana mtoto mwenye pumu.
Anasoma swali kwa kidole, mara mbili.
Naandika sabini.

Swali la thelathini na tatu ni la potasiamu:
dozi, dripu, dakika ngapi.
Naandika sitini na tano. Hesabu yake ina mtego,
hata mimi niliwahi kuikosa
(kwenye karatasi, namshukuru Mungu).
Delphine Okerlund kaandika tisini na nane.

Tunaombwa tujieleze.
Mimi nasema, kosa moja haliachi mke.
Yeye anakunja leso ya karatasi, mara nne, mara nane:
"Kaka yangu. Grand Island, wodi ya tatu.
Aliyemtundikia dripu
alikuwa anatosha tu."

Mashine ya kahawa inakoroma.

Duru ya pili. Nafuta sitini na tano,
naandika themanini,
na yule mwenye soksi ananitazama
kama mtu niliyemwambia nisubiri hapa, nikaondoka.
Delphine naye kashuka: tisini.
Sijui kati yetu nani kaogopa zaidi.

Jioni kompyuta inajumlisha
marehemu mmoja, soksi mbili,
talaka ya Thuy, ubishi wa Lyle, njaa ya saa sita,
inagawanya kwa kumi na moja,
inatema: sitini na nane nukta nne.

"Nukta tuidondoshe, au tupande?"
Ndege ya Thuy inaondoka saa moja.
Waliochoka wanataka kura, na sote tumechoka.
Watano, sitini na nane.
Watano, sitini na tisa.
Wote wananigeukia.

Kwenye lifti nabandua jina kifuani.
Karatasi inatoka.
Gundi imeng'ang'ania sweta.