Makopo ya Ceferina

Mlima ulipopasuka, upepo ulikuwa wa magharibi,
ule ule wetu. Huku Patagonia
upepo hauulizwi unakotoka. Huulizwa umeangusha nini.

Ceferina Nahuelquir alikuwa ameshapanga makopo ya biskuti
kando ya barabara ya changarawe, toka milimani hadi pwani,
namba kwa rangi nyekundu,
jiwe ndani ya kila kopo lisije likapeperuka.
Tukayafuata kwa gari la babake, taa tumewasha saa sita mchana.

Kopo la kwanza: vijiwe vya matundumatundu, kama kunde,
vyepesi hata kimoja kikaelea kwenye chai yangu.
Vikubwa kuliko hivyo vilishaingia kwa Rudecindo
kupitia paa, bila hodi.

La nne: chenga.
Upepo hupepeta kama mtu aliyeazima ungo,
haraka, jicho mlangoni:
kizito miguuni pake, pumba kwa jirani.
Kondoo wamelala na blanketi la pili juu ya sufu,
wameshindwa kuinuka. Walioweza wanakula,
na meno yao yanasikika, kisu juu ya kinoo.

La saba lilimuudhi: limejaa kupita la sita.
Akachekecha, akapima, akachekecha tena,
mpaka mchungaji mmoja akasema jana hapa palinyunya.
"Aa," akasema Ceferina. "Vumbi limelowa, likashikana mikono,
likashuka kabla ya kituo chake."
Akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu Jumanne.

La kumi: unga uliochekechwa mara mbili.
Ukiushika huusikii. Pangusa jicho ndipo uusikie.

La mwisho, bandarini, uani kwa shangazi yake Idalina:
bati jeupe, jiwe, basi.
"Huku hakikufika kitu," alisema shangazi,
akageukia ukuta kukohoa
kikohozi kikavu, cha siku ya tatu,
kama cha mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Jua lilikuwa linazama na rangi ya kutu.
Kizito kina adabu, niliwaza: kinaanguka, unakiona,
unakizoa kwa koleo.
Hiki kingine hakitui mpaka kipate kifua.

Ceferina alisimama mlangoni na daftari lake.
Aliandika sifuri. Akaitazama.
Akaikata, akaandika: bado.