Hamsini na Sita na Nusu

Mitsanze aliifungua injini juu ya gunia la simiti,
nati akazitia kwenye kifuniko cha hotipoti,
akachomeka kidole ndani ya silinda, akakizungusha
kama mtoto anayelamba sufuria.
"Ringi zimekwisha. Pistoni imekwaruzika.
Hii haichomi petroli, ndugu yangu, inakunywa oili."
Akaniandikia kipimo nyuma ya risiti:
milimita hamsini na sita na nusu.

Pikipiki ina umri wa mke wangu
(usimwambie).
Kwenye tangi, jina limebaki herufi mbili.
Alfajiri hubeba kreti nne za mkate
toka Barani hadi Msabaha,
na miezi mitatu sasa moshi wake wa buluu
hunitangulia madukani. Wateja wasema
mkate wangu una ladha ya gereji.

Nikaanzia Ngala, duka lenye vioo.
Kijana hakuinua macho:
"Elfu kumi na nne. Yatoka Mombasa. Lipa kwanza."
Nikapiga hesabu papo hapo:
faida yangu shilingi tano kwa mkate,
basi mikate elfu mbili na mia nane
ipite mikononi mwangu nisionje hata ganda.

Duka la pili walikuwa nayo ya elfu mbili,
inang'aa kama kijiko cha harusi.
"Kipimo ni hiki?"
"Ni karibu."
Karibu!
Karibu ni neno la mlangoni, si la silinda.

Kule Maweni, Famau huuza vyuma kwa kilo.
Nilichutama kutwa katika kutu yake
na kalipa ya kuazima:
arubaini na saba, hamsini na mbili, sitini na mbili.
Moja ikasoma hamsini na sita kamili,
moyo ukaruka, kisha ukakaa.
Nusu milimita ni nini?
Ni unene wa kucha.
Ni moshi wote ule.

"Nenda Mambrui," Famau akasema, akiwa amechoka kunitazama.
"Kwa Bi Amria kuna dada yake hiyo yako. Kuku wanaitagia."

Nikavuka daraja la Sabaki nyuma ya pikipiki ya mtu,
nikiona haya kama mpishi aliyeomba chakula kwa jirani.

Ilikuwa bandani, nyekundu ileile, jina lake zima,
na yai juu ya kiti.
Nikaliweka yai pembeni, nikapiga kiki:
ikanirudisha mguu. Bado ina pumzi.
Bi Amria alisimama na ungo wake.
"Ya Lali," akasema.
Hakuongeza, nami sikuuliza.

Nikamwekea elfu tatu. Hakuzihesabu.
"Chukua silinda na vya ndani yake.
Magurudumu acha, kuku wamezoea.
Na Ijumaa uje uiwashe hapa, niisikie."

Mitsanze alikata gasketi kutoka kasha la viatu,
akapima mara tatu,
"hamsini na sita na nusu,"
polepole, kama anayempa mtoto jina.

Ijumaa nikaenda na mikate miwili.
Nikawasha. Kuku wakatawanyika.
Hapakuwa na moshi, hata uzi.
Bi Amria aliinamisha kichwa, akasikiliza
mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuitilia shaka.
"Siyo," akasema.
"Ya Lali ilikuwa na kikohozi kwanza, ndipo itulie."

Nilitaka kumweleza: ekzosi ni yangu, kabureta ni yangu,
na injini iliyotoka safari haikohoi,
hukohoa ile iliyolala.
Nikamwambia hilo la mwisho tu.

"Basi izime," akasema,
akakunjua mkeka kivulini.
"Tungoje ipoe."

Tukakaa. Chuma kikawa kinalia tik, tik.
Kuku mmoja akarudi,
akaikagua pikipiki yangu,
akapanda kitini.