Mchujo

Bwana Haugen, nakuandikia nikiwa bado na viatu mguuni,
theluji inayeyuka juu ya zulia na mke wangu hajaona.
Nimetoka kupiga kura.
Sikukupigia wewe.

Nianze na deni, maana mimi si mtovu wa shukrani.
Mwaka ule mgodi ulipofungwa, na pensheni zetu
zikayeyuka mezani pa mawakili kama sukari kwenye chai,
ni wewe uliyeingia ukumbi wa chama na koti lako la kijivu,
ukala nasi supu ya njegere, mabakuli mawili,
ukarudi mji mkuu, na baada ya miezi saba
hundi ikafika.
Daraja lina jina lako. Zahanati ina jina lako.
Mbwa wa shemeji yangu ana jina lako.
Miaka ishirini na sita, bwana:
mimba zilizotungwa usiku ule ulipoapishwa
leo zinanyoa ndevu.

Kisha wakakuuliza kuhusu vita
ukasema ndiyo.
Nilikusikia redioni, nikiwa naparua barafu kwenye kioo cha gari.
Sauti ilikuwa ileile
uliyoitikia nayo bakuli la pili.

Hapo ndipo akajitokeza Marjatta Sipola, mwalimu wa kemia,
mwanamke anayekohoa kabla ya kila sentensi.
Ofisi yake ilikuwa kinyozi kilichofungwa;
vioo vilibaki ukutani, hivyo watu wake sita
walionekana kumi na wawili,
na ukikaa kiti cha pembeni, jeshi.
Fedha hana. Ndugu wakubwa hana.
Alisimama kituo cha mafuta, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
akigawa karatasi kwa mkono usio na glavu
kwa sababu glavu hushika karatasi mbili mbili
na karatasi zenyewe zilikuwa chache.

Mwenyekiti wa chama alituita, akatuonya:
msiache mbachao kwa msala upitao.
Nikautazama mbachao.
Una doa, na doa lile si la kahawa.

Hotuba yake, sikufichi, ilikuwa mbaya.
Akaacha kuisoma katikati, akatoa mkobani
rejista ya darasa, ya zamani, jalada limefungwa kwa gundi,
akaanza kuita majina.
Waliokuwepo wakaitika, watu wazima, wengine na watoto mapajani,
wakicheka: nipo, mwalimu; nipo.
Akafika kwenye Rautio, Eino.
Akangoja.
Alingoja kama mwalimu anavyomngojea mtoto
anayefunga kamba za viatu mlangoni.
Halafu akaita jina linalofuata.

Huu unaitwa mchujo.
Mke wangu huchuja kahawa kila alfajiri kwa kitambaa,
mashapo huyamwaga kwenye vyungu vya maua dirishani.
Nani kahawa, nani mashapo, tutaambiwa saa nne usiku,
ingawa hesabu naijua. Nimehesabu mabehewa ya madini miaka thelathini,
kura hazinishindi.
Atashindwa. Labda kwa elfu mbili, labda kwa aibu zaidi.
Kule vijijini wanakupenda, na wana haki, barabara ni zako.

Na wewe utaambiwa, maana mji huu hauna siri:
hata yule mzee wa pensheni, umeona?
Fadhila za punda ni mateke.
Sawa. Lihesabu basi: teke moja,
la karatasi, limekunjwa mara mbili.

Ukija tena ukumbini nitakupakulia supu kwa mkono wangu,
deni halifi.
Ila kiti kilicho kando yako kitakuwa kitupu
na nakuomba, bwana,
usitundike koti lako hapo.

Basi. Navua viatu.
Mke wangu ameshaliona zulia.