Viti Vyeupe, Kigungu

Usubi umelala juu ya viti
kama majani ya chai yaliyomwagwa.
Usiufute mkavu, Kirabira.
Ukiuponda, unaacha kijani kisichosamehe.
Mwagia maji kwanza. Uache uelee, uende zake.

Sabuni ya vyombo, tone mbili,
na brashi ya kola za shule, si ya sufuria.
Jiki, hapana! Mwaka jana nilitia Jiki:
reksini ikang'aa siku mbili,
nyuzi za mshono zikaoza kimyakimya
hadi mama wa bibi harusi alipoketi, pwaa,
na sponji ikachungulia.
Mshahara wa mwezi ule niliuona kwa mbali.

Suuza. Kausha mpaka ndani ya mikunjo,
ukungu hupenda palipofichika.
Halafu yale mafuta ya kukinga jua,
kidogo, kwa kitambaa,
usimtelezeshe mgeni akaingia ziwani.

Miaka sita wanakwenda Ngamba kuona sokwe,
mimi nabaki na ndoo.
Kila kiti hapa nakijua kwa magoti;
kwa makalio, bado.

Bosi amekwama Kampala.
Turubai ingoje.
Pangusa miguu, Kirabira. Keti.